Siku Teoremu ya Tatu Ilipoanguka

Kabla sijasema lolote, zimeni hizo simu. Najua zinachora mstari wowote mtakaoziandikia, tena kwa rangi mnayoitaka, na ndiyo maana nataka zizimwe. Simu ukiipa nukta chache inaziunganisha yenyewe, haiulizi kama zinakubali kuungana. Mimi nimemwona msichana akisimama mbele ya ubao na maisha yake yote mkononi, kwa sababu ya nukta zilizokataa kuungana, na kila nikiwaona ninyi na hizo simu moyo wangu hautulii.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Salima, binti wa muuza vitambaa wa hapa hapa Kasongo. Nimefundisha hesabu tangu nilipokuwa sifiki juu ya ubao mpaka nilipokuwa siwezi tena kuinama kuokota chaki. Mkuu wenu ameniomba niwape mawaidha kabla hamjatawanyika kwenda kufundisha, huyu Nyangwe, yule Kabambare. Mawaidha sina. Nina kisa kimoja, na hasira kidogo ambayo haijanitoka.

Nianze na Mwalimu Anselmi, maana bila yeye hamtaelewa kilichotokea. Alikuwa mkulima wa upande wa kuelekea mtoni, Mkristo wa kufunga na kusali, na alinifundisha mimi binti wa Kiislamu bila kunionea wala kunihurumia. Fonksyoni yenye mwendelezo alitueleza hivi: ni mstari unaouchora kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kunyanyua chaki. Basi. Baadaye nilisoma maelezo marefu ya Kifaransa, yenye herufi za Kigiriki, nikakuta yanasema jambo lilelile kwa kujidai zaidi.

Yeye ndiye aliyetuachia kanuni ya chaki. Mwanafunzi akiwa ubaoni, hakuna wa kumkatiza, hakuna wa kuguna, hakuna wa kumwambia umekosea, mpaka aweke chaki chini mwenyewe. Alikuwa akisema, "Mutu mwenye chaki hajamaliza kusema." Akiiweka chini, hapo kazi yake ni ya watu wote, waipige watakavyo. Siku moja yeye mwenyewe alikwama katikati ya somo, akasimama na chaki mkononi mpaka kengele ikalia, nasi tukakaa kimya darasa zima kama tuko msibani. Kesho yake aliingia, akaokota chaki ileile, akaendelea pale alipoachia. Hakuomba radhi wala hakucheka.

Kanuni ile ilihamia chuoni kwetu pamoja na wanafunzi wake, nami nikiwa mmojawao. Hata kwenye utetezi wa tasnifu tuliifuata. Wageni kutoka Kindu waliiona ni ushamba, lakini waliiheshimu.

Nyangwe nilikaa miaka ya mwanzo wa kazi yangu. Huko nilijifunza kwamba mfano mzuri unaweza kukuaibisha. Nilitaka watoto waelewe kwamba mstari ukianzia chini ya sifuri na kuishia juu ya sifuri, lazima upite kwenye sifuri mahali fulani. Nikawaambia: mtu akitoka soko la hapa akafika ng'ambo ya Lualaba, lazima alikutana na maji. Nyuma ya darasa alikaa mkaguzi, ameshika kalamu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, na kama alipita na ndege?"

"Ndege gani inatua Nyangwe?"

"Haitui, Mama. Inapita tu."

Mkaguzi alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilimwambia mtoto kwamba ubaoni hakuna anga, kuna chini na juu tu, na kati yake kuna mto. Alikubali kwa shingo upande. Mshike mfano huo wa mto, tutauhitaji.

Sasa nije kwa Furaha. Alikuwa binti wa Papa Mulonda, mkulima wa kule Wamaza. Hakuwa mwepesi kuliko wenzake, nasema ukweli. Lakini akishika jambo haliachi, na akiulizwa swali hakimbilii kujibu, jambo lililowakera walimu wenye haraka. Tasnifu yake aliiandika chini ya mwenzangu, Mwalimu Bilali, kuhusu mistari ile ya Mwalimu Anselmi na mambo tunayoweza kuifanyia.

Swali lake lilikuwa hivi, na msiogope, ni rahisi. Chukua mistari miwili, uifanyie kitu: uijumlishe, au kila mahali uchague ulio juu, au uizidishe. Utapata mstari wa tatu. Anakuja mkorofi, anausogeza ule wa tatu kidogo sana, unene wa unywele, anakuambia: mimi nataka huu. Je, unaweza kumpatia kwa kuisogeza kidogo tu ile miwili ya mwanzo? Kama unaweza sikuzote, hata mkorofi afanye nini, tunasema operesheni hiyo iko wazi. Kujumlisha kuko wazi: ule unywele unauongeza kwenye mstari mmoja, umemaliza. Kuchagua ulio juu nako kuko wazi: unaisogeza yote miwili kwa kiasi kilekile, na ulio juu unasogea nayo.

Kuzidisha je? Teoremu ya tatu ya Furaha ilisema kuzidisha nako kuko wazi, kama wenzake. Ile ndiyo ilikuwa nguzo ya kazi nzima. Teoremu mbili za mwanzo zilikuwa ngazi ya kuifikia, na zote zilizofuata zilining'inia juu yake.

Mjue pia kilichokuwa kinangoja nyuma ya teoremu hiyo. Shule ya sekondari ya kule kwao Wamaza haikuwa na mwalimu wa hesabu. Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa amemshikia Furaha nafasi, na alikuja mwenyewe Kasongo kwa pikipiki kwenye utetezi ili arudi naye. Lakini nafasi ile ilihitaji diploma kabla shule hazijafunguliwa. Na profesa wa kuongoza juri, yaani jopo la watahini, alikuwa anatoka Kindu mara moja kwa mwaka, barabara ikiruhusu. Furaha akipita siku ile, anarudi nyumbani kuwa mwalimu. Asipopita, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mwaka unakwenda bure.

Mimi nilikuwa msomaji wa pili. Nakala ilinifikia kwa kuchelewa, kama kila kitu kwetu, nikaimalizia asubuhi ya siku yenyewe, baada ya sala, na chai na muhogo wa kuchemsha mbele yangu. Nilifika kwenye teoremu ya tatu. Furaha alikuwa amethibitisha mahali kwa mahali. Hapa mstari wa kwanza hauko kwenye sifuri, basi tunarekebisha wa pili. Pale yote miwili iko sifuri, basi tunachukua kipeuo cha pili. Kila mahali alipogusa palikuwa sawa. Nilisoma nikitikisa kichwa kwa furaha, na jina lake linafaa.

Halafu nikafanya alichonifundisha Anselmi: ukipewa teoremu, jaribu kuiua kabla hujaipenda. Nikachukua mstari mnyofu kuliko yote, unaoanzia chini ya sifuri kushoto na kuishia juu ya sifuri kulia. Nikauzidisha kwa wenyewe. Unapata bakuli ambalo kitako chake kinagusa sifuri katikati. Mkorofi akaja, akaliinua bakuli unene wa unywele. Sasa haligusi sifuri popote. Nikatafuta mistari miwili, majirani wa ule wa mwanzo, ya kunipa bakuli hilo lililoinuliwa. Jirani yeyote wa mstari ule naye anaanzia chini na kuishia juu. Lazima akutane na maji. Na akikutana na sifuri, jibu la kuzidisha hapo ni sifuri, wakati bakuli la mkorofi halina sifuri. Hakuna njia. Kuzidisha hakuko wazi, na teoremu ya tatu ilikuwa ya uongo.

Chai ilipoa. Niliikagua tena na tena nikitamani mimi ndiye niwe nimekosea, na sikuwa nimekosea.

Mnajua kosa lilitoka wapi? Lilitoka kwetu. Katika shule zetu karatasi za miraba hakuna, kwa hiyo mstari tunaufundisha kwa jedwali. Mwalimu anagawa safu za jedwali, kila mtoto na safu yake, anaikokotoa, anapata nukta yake ya mstari, na kusimama kuitetea mbele ya wenzake kama shamba la baba yake. Safu zote zikishinda, darasa linapiga makofi, kisha mwalimu anachukua chaki na kuziunganisha nukta. Nimefundisha hivyo mimi, wamefundishwa hivyo walimu wenu, na mtaendelea kufundisha hivyo kwa sababu hakuna njia nyingine ya kushughulisha watoto wengi kwa ubao mmoja. Furaha alikua humo. Alizilinda safu zake moja moja na hakuna hata moja iliyokuwa mbaya. Hakuuliza kama mtu anaweza kutoka safu hii kwenda ile bila kunyanyua chaki, maana kazi ya kuunganisha sikuzote aliifanya mwalimu.

Na sikuruhusiwa kumwambia. Msomaji akishapokea nakala haongei na mwanafunzi juu ya kazi mpaka ndani ya chumba; akiongea, utetezi unafutwa. Nilitembea mpaka chuoni. Uani niliwakuta, Furaha katika kitambaa kipya na baba yake kando yake. Papa Mulonda alivua kofia.

"Jambo yako, Mama. Ni weye njo utamuuliza mutoto?"

"Nitamuuliza kidogo, Papa."

"Muuliza tu, usiogope. Huyu tangu akiwa mudogo, anafikiri kwanza, njo anajibu. Mama yake alikuwa anakasirika, chakula inaungua."

Furaha alicheka. Alinisalimia kwa kupiga magoti kidogo, kama wanavyosalimu kwao, nami nikamwambia kitambaa kimempendeza. Hilo tu ndilo niliruhusiwa kusema. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia katika kazi hii.

Bilali nilimshika mlangoni. Yeye ni mwanajuri mwenzangu, naye niliruhusiwa kumwambia. Nilimchorea bakuli kwa kidole kwenye kiganja. Aliliona haraka kuliko mimi, maana yeye anajua kazi, na uso wake ukabadilika.

"Mama Salima, ile swali, usiulize."

"Teoremu iko uongo, Bilali."

"Nimeona. Mwaka muzima niko nasoma hii kazi, sikuona. Profesa naye hataona, amefika jana, mugongo wote inamuuma juu ya barabara mubaya. Weye ukinyamaza, mutoto anapita."

"Na nikiuliza?"

"Umemuua."

Tukaingia. Watu wa Wamaza walijaza mabenchi ya nyuma, shangazi zake mbele yao, prefe pembeni na kofia ya pikipiki mapajani. Joto la bati lilikuwa limeshaanza. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na kweli siku ile chuo kizima kilikuwa kinanukia mbuzi kutoka jikoni.

Furaha alieleza kazi yake kwa Kifaransa, polepole, bila kusoma. Profesa mgeni alisikiliza vizuri. Sitaki mseme alikuwa mvivu; alikuwa mtu makini aliyechoka, na maswali yake juu ya teoremu ya kwanza na ya pili yalikuwa mazuri. Furaha aliyajibu yote. Kila jibu lilipotoka sawa, Bilali alinitazama, nami nilitazama meza. Zamu yangu ingekuja mwisho. Nilikuwa na swali moja tu, na kila baada ya muda nilijiambia nitaliuliza, kisha nilimwona prefe na kofia yake nikajiambia sitaliuliza. Watoto wa Wamaza wanataka mtu wa kuwafundisha kugawa na kujumlisha. Nani kule atakuja kudai bakuli lililoinuliwa unene wa unywele? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, na nilikuwa sijaamua.

Kisha Profesa akafanya adabu ya wageni. Alisema familia imetoka mbali, haifai irudi bila kuona chochote. Akamwomba Furaha achore ubaoni mfano mmoja wa teoremu yake ya tatu, na mstari unaovuka sifuri ndio utakaopendeza zaidi.

Bilali alifumba macho.

Furaha alichukua chaki. Alichora mstari mnyofu, kutoka chini kushoto mpaka juu kulia. Akachora bakuli. Akachora bakuli la pili juu yake kidogo, kwa vidoti. "Sasa ninatafuta mistari miwili itakayonipa hili la juu," alisema, akaanza kushoto. Chaki ilikwenda chini ya sifuri, ikapanda taratibu kufuata mstari wa kwanza, ikakaribia katikati, ikasimama.

Watu wa nyuma walidhani amepumzika. Mimi nilijua amefika ukingoni mwa maji.

Alirudi nyuma, akaanza upande wa kulia. Chaki ilikuja juu ya sifuri, ikashuka, ikakaribia katikati, ikasimama tena. Ubaoni sasa kulikuwa na vipande viwili, kimoja chini, kimoja juu, na kati yake pengo dogo ambalo mtu wa nyuma hawezi hata kuliona. Kilichobaki ni kukivuta kipande kimoja mpaka kwenye kingine. Akivuta, mstari unagusa sifuri. Asipovuta, amenyanyua chaki.

"Inatosha, mademoiselle," alisema Profesa kwa upole. "Tumeelewa. Weka chaki."

Hakuiweka. Alikuwa ametupa mgongo, mkono umeinuka, na vumbi la chaki lilikuwa linashuka kwenye kiwiko chake. Bilali chini ya meza alinigusa mguu, sijui akitaka nini. Kanuni ilinifunga mdomo: mwenye chaki hakatizwi. Naapa nilitaka kusema, na sijui ningesema lipi. Ningesema weka chaki mwanangu, upite, urudi kwenu? Au ningesema tazama pengo hilo vizuri? Nilishukuru kanuni kwa kunifunga, na papo hapo niliichukia.

Nje pikipiki ilipita, ikaenda mpaka mlio ukaisha. Mtu alikohoa. Prefe aliihamisha kofia yake kutoka paja hili kwenda paja lile.

"Mademoiselle," alisema Profesa tena, sasa ameangalia saa. "Weka chaki, tafadhali. Juri imeridhika."

Mnasikia? Juri imeridhika. Ilikuwa ni kufungua vidole tu. Hakuna aliyekuwa amemshtaki, hakuna aliyejua isipokuwa wazee wawili waliokuwa wanaogopa. Angefungua vidole, na alasiri angekuwa ameketi nyuma ya pikipiki ya prefe.

Aligeuka. Hakumtazama Profesa wala mimi. Alimtazama baba yake, akaacha Kifaransa.

"Papa, hii kitu niliandika, iko uongo."

Papa Mulonda alisimama nusu, akakaa. Profesa aliuliza amesema nini. Furaha alirudia kwa Kifaransa: teoremu yangu ya tatu si kweli. Kisha akageukia ubao na kuonyesha kwa nini. Alisema kila jirani wa mstari huu lazima avuke sifuri, na anapovuka jibu linakufa, na bakuli hili halifi popote. Mistari michache tu, safi, hakuna neno la ziada. Alipomaliza kuiua kazi yake mwenyewe hakukaa. Aliandika chini kilichobaki: kama mmoja wa mistari miwili haugusi sifuri popote, tunaweza kugawa kwa huo, na hapo teoremu inasimama. "Hii ndogo ndiyo iliyobaki," alisema. Ndipo akaweka chaki chini.

Profesa aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina.

Tulijifungia ofisini. Bilali aliongea kwa nguvu. Alisema kosa ni lake yeye mwongozaji, apewe alama ndogo lakini apite. Mimi niliongeza kwamba miaka yangu yote sijamwona mwanafunzi akifanya hesabu ya kweli mbele ya watu kama alivyofanya yule. Profesa alisikiliza akijikanda kiuno. Alikuwa amesikitika, mtu aliona.

"Nilikuwa nimeshamwandikia alama ya juu," alisema. "Lakini nikimpitisha leo, diploma yake itasimama juu ya teoremu aliyoiangusha mwenyewe. Mnataka aitundike ukutani?"

Tukaandika kwamba ameahirishwa mpaka juri ijayo, nami nikatia sahihi. Nilitia kwa hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Nitawaambia yaliyofuata ili msikae roho juu. Prefe aliniambia, "Mama, unisamehe, miye siwezi ngoja. Watoto wamekaa kwenye banki za darasa, wananiangalia." Alimchukua mwingine mwenye diploma. Ile nafasi ya nyumbani Furaha hakuipata tena. Mwaka uliofuata alirudi na tasnifu mpya, yote juu ya lile bakuli na pengo lake, akapita vizuri, na sasa anafundisha Kabambare, mbali kidogo na wazazi. Mwaka ulipotea na nafasi ilipotea. Hiyo hasara ni hasara, sitaipaka asali. Atakayewaambia kwamba ukweli unalipa papo hapo, muulizeni amefundisha wapi. Najua mtu angeweza kusema njia ya mwongo ni fupi, kwamba kosa lingegunduliwa siku moja. Mimi nadhani lisingegunduliwa kamwe. Tasnifu zetu zinasomwa na mende.

Lakini hamjui kilichotokea uani siku ile, na ndicho nilichokuja kuwaambia.

Profesa alisoma uamuzi kwa Kifaransa, na mtu mmoja akautafsiri kwa sauti ya chini. Watu walitoka nje. Mnajua desturi yetu: mwanafunzi akipita anamwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe kope na masikio, na shangazi wanapiga vigelegele. Shangazi za Furaha walikuwa wamekuja na makopo ya poda kutoka Wamaza. Sasa walisimama nayo uani, mmoja anajaribu kulificha lake ndani ya kitenge, na hakuna aliyejua pa kutazama. Furaha alisimama peke yake karibu na ukuta. Alikuwa bado hajalia.

Papa Mulonda alinijia. Safari hii hakuvua kofia.

"Mama, mutoto ameanguka?"

"Ameanguka, Papa."

"Ile ya kwanza aliandika, ilikuwa uongo."

"Ilikuwa uongo."

"Na hii alisema leo na chaki, mbele ya ile tablo. Iko kweli ao iko uongo?"

"Iko kweli, Papa. Hakuna mutu ataipindua. Hata huyu Profesa hawezi."

Alikaa kimya akifikiri, na hapo nikajua Furaha alirithi wapi ile tabia. Kisha akaenda kwa dada yake, akalitoa lile kopo ndani ya kitenge chake.

"Kama iko kweli," alisema, "hii poda nirudishe nayo Wamaza ya nini?"

Akammwagia binti yake kopo zima. Furaha alijishika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, na shangazi mmoja akaanza kigelegele bila uhakika, wengine wakamfuata. Profesa alikuwa anapita kwenda kwenye gari lake. Alisimama akaangalia, akangoja mpaka wamalize makopo yote, akapanda na poda kwenye viatu.